Umeme Kwanza, Chipu Baadaye: Ushauri wa Kukarabati Kompyuta Kongwe na Skrini Zake

Kompyuta kongwe, yaani zile zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990, zina sifa moja ambayo kompyuta za sasa zimeipoteza: karibu kila kijenzi kilichomo ndani yake kinaonekana kwa macho, kinapimika kwa mita ya kawaida, na kinaweza kubadilishwa kimoja kimoja na fundi mwenye kifaa cha kulehemu na subira. Sifa hiyo ndiyo inayowavutia wakarabati wengi, na ndiyo pia inayowaponza, kwa kuwa mtu anayeipata mashine iliyokaa stoo miaka ishirini au thelathini hushawishika kuichomeka ukutani papo hapo ili aone kama inawaka, na mara nyingi mashine iliyokuwa nzima, au iliyokuwa na hitilafu ndogo tu, huharibika ndani ya sekunde hizo chache. Ushauri wa makala haya umejengwa juu ya msimamo kwamba maadui wakuu wa kompyuta kongwe ni umeme usiofaa, kemikali zilizovuja na pupa ya mkarabati, na kwamba uzee wa chipu zenyewe huja baada ya hayo. Kwa hiyo anayetaka kufaulu hana budi kufuata mpangilio ambamo chipu hushukiwa mwisho.

Hatua ya mwanzo haihitaji hata bisibisi. Nyuma au chini ya kila mashine huwa kuna kibandiko kinachotaja volti inayotakiwa, na kibandiko hicho kisomwe kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu mashine nyingi zilizouzwa Marekani zilitengenezwa kwa volti 120, ilhali umeme wa majumbani katika Afrika Mashariki ni wa volti 230 hadi 240. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua kati ya volti 115 na 230, nyingine hazina, na hizo hazitumiki bila transfoma ya kupunguza umeme. Suala hili lina uzito kwa wasomaji wa hapa, kwa kuwa kompyuta kongwe zinazopatikana kwao zimefika kwa njia mbalimbali, zikiwemo mizigo ya mitumba, misaada ya shule na mali za wasafiri. Tanzania, kwa mfano, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo mwaka 1974, na kwa sehemu ndiyo maana mashine za nyumbani za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni adimu nchini kuliko zile za ofisini zilizokuja baadaye, zenye vichakataji vya 386 na 486.

Mashine hizo za ofisini zina ugonjwa wao mahususi, nao ni betri. Kwenye ubao mkuu, yaani ubao wa saketi unaobeba kichakataji na kumbukumbu, huwa kumelehemiwa betri ya nikeli na kadimiamu ya volti 3.6, yenye umbo la pipa dogo, ambayo kazi yake ni kuendesha saa na kuhifadhi mipangilio wakati umeme haupo. Betri ya aina hiyo ikizeeka huvuja majimaji ya alkali, na majimaji hayo hutambaa juu ya ubao, hupenya chini ya rangi yake ya kinga, hula njia nyembamba za shaba na kuacha ukungu wa kijani kwenye miguu ya chipu zilizo jirani. Mkarabati anayekuta betri hiyo aikate na kuitoa siku hiyohiyo hata kama bado inaonekana safi, kwa kuwa hakuna anayejua itavuja lini. Palipokwisha kuathirika hupakwa siki au maji ya ndimu kwa mswaki wa zamani, kwa sababu asidi hafifu hubatilisha alkali, kisha huoshwa kwa maji safi, hufutwa kwa alkoholi ya isopropili, ambayo ni spiriti safi isiyoacha mabaki, na ubao huachwa ukauke kabisa. Baada ya hapo kila njia ya shaba iliyopita eneo hilo ipimwe kwa mita ili kujua kama haijakatika, na iliyokatika iungwe kwa waya mwembamba. Kompyuta za Amiga 2000 na Amiga 500 Plus zina betri za aina hii na huugua vivyo hivyo. Macintosh nyingi za zamani hutumia betri ya lithiamu yenye nusu ya urefu wa betri ya kawaida ya AA, nayo ikipasuka huacha uozo ambao mara nyingine hauponyeki.

Baada ya betri hufuata kapasita, kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi na kulainisha mawimbi yake, ambacho tabia yake hutofautiana sana kulingana na aina. Kapasita za majimaji, zenye umbo la kopo dogo, hukauka au huvuja. Zile ndogo zilizobandikwa juu ya ubao mwishoni mwa miaka ya 1980 ndizo mbaya zaidi, na anayelehemu ubao wa Macintosh SE/30 ya 1989 au Macintosh Classic ya 1990 hunusa shombo ya samaki pale majimaji yaliyovuja yanapopata joto. Dalili zake ni sauti hafifu au kutokuwepo kwa sauti, na skrini inayojaa mistari au miraba ya bao la drafti badala ya picha. Kapasita za tantalumu, zenye umbo la tone na rangi ya njano au buluu, zina kasoro tofauti: hupiga shoti ghafla, na katika IBM PC ya 1981 zile zilizo kwenye njia ya volti 12 ni mashuhuri kwa tabia hiyo, kiasi kwamba kifaa cha ugavi wa umeme hujizima chenyewe kwa ulinzi na mmiliki huamini kwamba ndicho kilichokufa. Kabla ya kukihukumu, mashine izimwe, plagi za ubao zichomolewe, na ukinzani kati ya njia ya volti 12 na ardhi ya ubao upimwe. Ukisoma karibu na sifuri, kadi za ziada zitolewe moja baada ya nyingine hadi mhusika apatikane. Kwa kuwa tantalumu inayopiga shoti wakati mwingine hulipuka na kutoa moto, miwani ya kinga ivaliwe siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza.

Aina ya tatu ni kapasita za karatasi zenye ganda la njano linalopenyeza mwanga, ambazo huwekwa pale umeme wa ukutani unapoingilia ili kuchuja kelele za umeme. Ganda hilo hupata nyufa, unyevu huingia, na dakika chache baada ya kuwashwa kapasita hupasuka na kujaza chumba moshi mzito wenye harufu ya kuudhi. Waliokarabati BBC Micro, kompyuta ya kampuni ya Acorn iliyokuwa katika shule nyingi za Uingereza, wanaujua moshi huo. Hizi zibadilishwe bila mjadala kwa kapasita za daraja la X2 zenye thamani ileile. Kuhusu nyingine, desturi iliyoenea ya kubadilisha kapasita zote za mashine kwa mpigo mmoja haistahili kufuatwa kwa upofu. Ina mantiki katika mbao ambazo kapasita zake zinajulikana kuvuja, lakini katika mashine ya 1982 ambayo volti zake zinapimika vizuri na hazitetemeki, kila kiungo kinachofunguliwa ni nafasi mpya ya kung'oa njia ya shaba iliyodumu miaka arobaini bila kumsumbua mtu.

Mfano unaoonyesha vyema umuhimu wa umeme ni Commodore 64, iliyoanza kuuzwa 1982 na kuendelea kutengenezwa hadi 1994. Kifaa chake cha ugavi wa umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, ni sanduku zito la pembeni linalotoa umeme wa namna mbili: volti 5 za mkondo mnyoofu, yaani usiobadili mwelekeo, na volti 9 za mkondo geu. Masanduku mengi yalijazwa utomvu mgumu, hivyo hayafunguki wala hayapoi vizuri, na kidhibiti cha volti kilichomo ndani kikichoka hakizimi umeme bali huuachia upande. Volti 5 zikawa 6 au zaidi, na chipu za kumbukumbu hufa kimyakimya huku taa nyekundu ya mashine ikiendelea kuwaka kama kawaida. Kwa sababu hiyo sanduku hilo lipimwe likiwa peke yake, kati ya pini namba 5 na pini namba 2 ya plagi yake, likiwa limefungwa mzigo wa rezista ya omu 5 yenye uwezo wa wati 10, ambayo hunyonya takriban ampea moja, na liachwe hivyo hadi lipate joto, kwa kuwa mengi huanza vizuri yakiwa baridi na kuharibika baada ya nusu saa. Kipimo kinachokubalika ni kati ya volti 4.75 na 5.25. Hata lile linalofaulu leo halina dhamana ya kesho, na busara ni kununua au kuunda pawasaplai mpya na kuliweka la asili kabatini kama kumbukumbu.

Kwa mashine zenye pawasaplai ndani, mafundi wengi wa televisheni hutumia mbinu ambayo wakarabati wa kompyuta wangefaidika nayo: balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, hufungwa katika mfululizo na kifaa kinachojaribiwa, ili umeme wote upitie ndani yake. Balbu ikiwaka kwa mwanga mkali na kubaki hivyo, kuna shoti ndani. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, kapasita kubwa zimejaa na hali ni ya kuridhisha. Balbu za kisasa za kuokoa umeme hazifai kwa kazi hii.

Umeme ukithibitika kuwa sawa na mashine bado ikagoma, ndipo uchunguzi wa chipu unapoanza, nao uanze na yaliyo rahisi. Chipu zilizokaa kwenye soketi hupanda juu taratibu kutokana na kupata joto na kupoa kwa miaka mingi, na miguu yake hupata kutu, hivyo kila moja ichomolewe kwa uangalifu, isafishwe na kurudishwa ikielekea upande uleule, kwa kuwa chipu iliyogeuzwa kinyume huungua mara umeme unapoingia. Mashine ziponazo kwa tendo hilo pekee si chache. Kisha hufuata kidole: dakika mbili baada ya kuwasha, chipu ya kumbukumbu iliyo moto kuliko wenzake inastahili kushukiwa kwanza.

Mashine zenyewe nazo husema. Commodore 64 nzima huandika katika skrini yake ya mwanzo kwamba ina baiti 38911 zilizo huru kwa lugha ya BASIC. Namba ikiwa pungufu, sehemu ya kumbukumbu haijibu. Skrini ikiwa nyeusi tupu, washukiwa wa kawaida ni chipu ya mantiki iitwayo PLA na chipu nane za kumbukumbu, na kampuni ya Commodore ilitengeneza katriji ya majaribio kwa ajili ya mafundi wake, ambayo huifanya skrini imulike idadi ya mara inayolingana na chipu mbovu. IBM PC nayo hujipima kila inapowashwa: mlio mmoja mfupi maana yake ni salama, na kati ya namba zinazoandikwa kwenye skrini, 201 ni hitilafu ya kumbukumbu, 301 ni ya kibodi na 601 ni ya diski. Tarakimu zinazotangulia 201 huelekeza hadi kwenye chipu husika, ingawa hitilafu ikiwa katika sehemu ya kwanza kabisa ya kumbukumbu mashine hunyamaza bila mlio wala maandishi, na ukimya huo humpeleka fundi asiyejua kwenye kichakataji kisicho na kosa.

Chipu iliyothibitika kufa isinyofolewe nzima. Ikatwe miguu yote kwa koleo dogo karibu na tumbo lake, kisha kila mguu utolewe peke yake kwa joto la sekunde chache, matundu yasafishwe na soketi ilehemiwe, ili atakayebadilisha chipu hiyo siku nyingine asihitaji moto tena. Lehemu itumike ile ya bati na risasi, ambayo huyeyuka katika nyuzi 183 za Selsiasi na ndiyo iliyotumika kwenye mbao hizo. Lehemu za kisasa zisizo na risasi zinataka joto kubwa zaidi, na joto ndilo linalobandua shaba ya zamani.

Skrini ni sura tofauti kabisa, kwa kuwa kosa kwenye kompyuta huua chipu, ilhali kosa kwenye skrini linaweza kuua mtu. Skrini za enzi hizo, maarufu nchini Tanzania kwa jina la chogo, hutumia neli ya picha, yaani chupa nene ya kioo isiyo na hewa ambamo miale ya elektroni hurushwa kutoka shingoni na kupiga unga unaong'aa upande wa mbele. Ili miale hiyo ivutwe, transfoma maalumu iitwayo flaibaki huzalisha zaidi ya volti 10,000 hata kwa skrini ndogo ya rangi moja, na volti kati ya 20,000 na 25,000 kwa skrini ya rangi. Neli yenyewe ni kapasita kubwa, kwa kuwa ina tabaka linalopitisha umeme ndani na jingine nje, kioo kikiwa katikati, na chaji hiyo inaweza kubaki baada ya plagi kuchomolewa. Aidha, kapasita kuu ya pawasaplai ya skrini hushikilia takriban volti 325 pale umeme wa ukutani ulipo wa volti 230, na hizo, ingawa huonekana ndogo zikilinganishwa, hazina masihara.

Kwa hiyo kabla ya mkono kuingia ndani, plagi ichomolewe, pete na saa zivuliwe, na neli iondolewe chaji kwa utaratibu ufuatao. Waya mmoja ufungwe kwa klipu, upande mmoja kwenye chuma cha bisibisi bapa yenye mpini wa plastiki, upande wa pili kwenye waya wa kusuka usio na ganda unaoikumbatia neli kwa nje. Kisha, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo ili mkondo usipate njia ya kupita kifuani, ncha ya bisibisi iingizwe chini ya kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa neli hadi iguse chuma. Hurudiwa baada ya dakika kadhaa, kwa sababu chaji kidogo hujirudia yenyewe. Shingo ya neli isiguswe kwa nguvu wala kuegemewa, maana ikipata ufa hewa huingia na neli imekwisha. Anayetaka kupima saketi ya skrini ikiwa inawaka, hasa kwa osiloskopu, yaani chombo kinachochora wimbi la umeme, atumie transfoma ya kutenganisha, kwa kuwa katika skrini nyingi sehemu ya ubao imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani.

Uzuri wa skrini ya chogo ni kwamba hujieleza kuliko kompyuta. Mstari mmoja mkali wa mlalo katikati humaanisha kwamba saketi inayopeleka miale juu na chini imekufa. Mstari wa wima humaanisha mwendo wa kushoto na kulia umekatika, aghalabu kwenye plagi ya koili zilizo shingoni. Katika hali zote mbili mwangaza upunguzwe mara moja, la sivyo mstari utaunguza unga wa skrini. Picha inayopungua ukubwa na kuyumba huashiria kapasita za kuchuja zilizochoka. Rangi moja inayokuja na kuondoka huelekeza kwenye kebo au ubao mdogo wa shingoni. Madoa ya zambarau pembeni ni usumaku, ambao huondolewa kwa koili maalumu. Sauti ya kugonga ya tik tik bila picha huonyesha pawasaplai inayojaribu kuwaka na kushindwa, na wa kwanza kupimwa ni transista kubwa inayoendesha flaibaki.

Hata hivyo sehemu kubwa ya hitilafu hizo chanzo chake ni lehemu iliyopasuka. Macintosh Plus ya 1986 haina feni, na joto la ubao wake wa skrini hufanya viungo vilivyobeba vijenzi vizito vipate duara jembamba la ufa kuzunguka mguu, ambalo huonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia na taa ya upande. Picha inayozimika kisha ikarudi mmiliki anapoipiga mashine kofi ubavuni ina maelezo hayohayo. Dawa yake ni kuondoa lehemu ya zamani na kuweka mpya kwenye viungo vyote vya flaibaki, vya plagi ya koili na vya transista kubwa, kazi ambayo gharama yake haizidi ya waya wa lehemu.

Liko pia kosa lisilohusu ubovu wowote, nalo ni kuoanisha skrini na kadi isiyoendana nayo. Skrini ya IBM 5151 ya rangi moja husubiri ishara ya mlalo ya takriban kilohezi 18.4, ilhali kadi ya rangi ya CGA hutoa kilohezi 15.7, hivyo kuichomeka 5151 kwenye kadi hiyo kunaweza kuiharibu, ingawa plagi zinaingia bila shida. Skrini za VGA, zilizoanza 1987, hudai kilohezi 31.5 na hazitaonyesha kitu zikiunganishwa na Amiga au Commodore bila kifaa cha kubadilishia.

Kuhusu diski laini, pwani ina adui wake. Unyevu wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam huotesha ukungu juu ya uso wa diski, na ukungu huo hukwangua kichwa cha kusomea na kuambukiza diski inayofuata. Basi kila diski ikaguliwe kwa mwanga kabla ya kuingizwa, na yenye data ya thamani inakiliwe kwanza kwa vifaa vya kisasa vya USB kama Greaseweazle, vinavyosoma mawimbi ghafi ya sumaku. Kung'arisha plastiki iliyogeuka njano kwa peroksidi ya hidrojeni ni jambo la urembo na lisubiri mashine ipone.

Zipo nyakati ambazo ukarabati unapaswa kusimama. Chipu ya sauti ya Commodore 64, iitwayo SID, haitengenezwi tena, na kuivua kutoka mashine moja nzima ili kuponya nyingine ni kupunguza idadi ya zilizosalia. Vibadala vipya vipo na vinafaa. Neli ya picha iliyochoka, inayotoa picha hafifu hata mwangaza ukifunguliwa wote, haina tiba ya kudumu. Kila kilichobadilishwa kiandikwe kwenye karatasi, pamoja na tarehe, na karatasi hiyo ibandikwe ndani ya ganda kwa manufaa ya fundi atakayefuata.

Na kwa msomaji ambaye hajawahi kushika umeme mkali, ushauri ni kwamba skrini yake ya chogo asiifungue peke yake. Mafundi waliokarabati televisheni za neli wangali wapo katika miji mingi, wengi wao wakiwa hawana tena kazi hiyo, na saketi ya skrini ya kompyuta haina mengi wasiyoyajua. Awapelekee wao, akae pembeni na kujifunza, wakati bado wapo.